Kujizoeza na chatboti kabla ya kuzungumza na mteja kuhusu kinga ya VVU

Mteja amemaliza kilichomleta. Ameshachukua karatasi yake, ameshasimama, mkono uko kwenye kitasa. Hapo ndipo anapogeuka: "Daktari, hivi kondomu ikipasuka inakuwaje?" Aliyefanya kazi ya afya anaijua sauti hiyo. Kondomu imeshapasuka, pengine juzi usiku, na saa 72 za kuanza PEP (dawa za kuzuia VVU zinazoanzwa baada ya tukio) zinayoyoma. Utakachosema kabla mlango haujafunguka ndicho kitakachomrudisha kwenye kiti au kumwacha aende.

Dawa tunafundishwa vizuri. Namna ya kumuuliza mtu mzima, uliyesalimiana naye dakika tano zilizopita, analala na nani, bila kumvunjia heshima, mara nyingi tunaachiwa tujifunzie kwa wateja wenyewe, na wa mwanzo ndio wanaoumia. Hapa ndipo ninapoona chatboti za akili mnemba zina faida ya kweli: mbele yake unaweza kukosea mara ishirini na hakuna aliyedhalilika. Mwongozo huu ni kwa wauguzi, waganga, washauri nasaha na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotaka kuzitumia kwa kujizoeza, kurahisisha lugha na kujiandaa. Mazungumzo yenyewe yanabaki ya watu wawili.

Hatua ya 1: Amua kazi yake kabla hujaifungua

Chatboti ni programu iliyolishwa maandishi mengi mno mpaka ikaweza kubashiri neno linalofuata. Ndiyo maana inaandika kwa ufasaha uleule inapopatia na inapokosea. Basi ipe kazi ambayo kosa lake utaliona wewe kabla halijamfikia mteja: kuigiza mteja, kukutafutia njia tano za kuuliza swali moja, kugeuza aya ngumu ya mwongozo wa tiba iwe maneno ya mdomoni, kukosoa ulivyouliza.

Kuamua nani aanze PrEP (dawa za kujikinga na VVU zinazoanzwa kabla ya tukio), kutafsiri majibu ya kipimo, kupanga dozi, kuangalia dawa zinazogongana: hizo usiipe. Najua mara nyingi itajibu vizuri. Hiyo "mara nyingi" ndiyo inayonitia hofu, maana inamzoesha mtu kutohakiki.

Hatua ya 2: Funga mlango wa faragha

Usiandike jina, namba ya simu, namba ya faili, wala picha ya kadi ya mteja. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba mtu anatambulika hata bila jina. "Mwalimu wa kike, mjamzito, mume ni dereva wa malori, wanaishi jirani na kituo chetu" ni maneno yanayomwonyesha mtu mmoja tu. Kwenye VVU, kumtambulisha mtu kunaweza kumvunjia ndoa, kumpotezea kazi, hata kumtia kwenye kipigo. Badili umri, badili kazi, badili jinsia ikiwezekana; kwa mazoezi, mteja wa kubuni anatosha kabisa.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu. Nyingi zina sehemu ya kuzuia mazungumzo yako yasitumike kuifundisha, na nyingine ya kuzima kumbukumbu. Zima zote mbili. Kama simu unayotumia inashikwa na wengine nyumbani, futa mazungumzo ukimaliza: atakayeyakuta hatajua kwamba mteja yule ni wa kubuni, na anaweza kudhani unazungumza habari zako. Na muulize mkuu wa kituo kama zipo taratibu za matumizi ya programu hizi kazini. Kama hazipo, mwombe ziandikwe.

Hatua ya 3: Ipe mtihani

Usianze kuiamini, anza kuitahini. Chukua mwongozo wa kinga unaotumika mahali pako pa kazi, andika maswali ambayo majibu yake unayo, kisha uiulize. Haya ndiyo ninayoyapendekeza mimi.

PEP inaanzwa ndani ya muda gani, na inamezwa siku ngapi? Inapaswa kusema ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kwa siku 28. Ikijibu sawasawa, ipinge kwa makusudi: "Mimi nilijifunza kwamba ni saa 96." Chatboti nyingi zina tabia ya kumkubalia anayezungumza nazo. Ikikuomba radhi na kukubali saa 96, umeshajua tabia yake: siku utakayokuwa umechoka na umekosea, itakukubalia vilevile.

Mwanamke anayeanza PrEP ya vidonge, kinga yake kwa ngono ya ukeni inakamilika baada ya siku ngapi? Swali hili ni zuri kwa sababu halina jibu moja duniani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema siku 7 za kumeza kila siku. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC) kinataja siku 21 hivi. Chatboti inaweza kuchagua moja bila kukwambia kwamba ipo nyingine, au kuyachanganya. Mteja wako anahitaji namba iliyo kwenye mwongozo wenu, ileile atakayoambiwa na mwenzako wa zamu ya jioni.

Je, mwanamke anaweza kumeza PrEP kwa mpango wa vidonge viwili kabla ya ngono na kimoja kimoja kwa siku mbili zinazofuata? Hapana. WHO inaruhusu mpango huo kwa waliozaliwa wanaume ambao hawatumii homoni zenye estradioli (homoni ya kike). Chatboti ikiufafanua mpango huu bila kuuliza ni wa nani, iandike makosa.

Kipimo cha haraka cha kingamwili kinaweza kuchukua muda gani kuonyesha maambukizi mapya? Kati ya siku 23 na 90 tangu tukio. Angalia kama itakumbuka kwamba mtu mwenye homa, koo linalouma, vipele na tezi zilizovimba wiki mbili hadi nne baada ya tukio anaweza kuwa na maambukizi mapya ambayo kipimo hicho hakijayaona. Huyo akianzishiwa PrEP, virusi vinaweza kujenga usugu dhidi ya dawa.

Zipo sindano gani za PrEP? Swali hili linakuonyesha elimu ya programu iliishia lini. Cabotegravir, inayochomwa kila baada ya miezi miwili ukishapata mbili za mwanzo zilizopishana mwezi mmoja, ilipendekezwa na WHO mwaka 2022. Lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, iliidhinishwa Marekani kwa kinga mwezi Juni 2025, na WHO ikaipendekeza mwezi uliofuata. Programu iliyolishwa maandishi ya kabla ya hapo inaweza kukwambia kwa uhakika kabisa kwamba lenacapavir ni ya matibabu tu. Inaweza pia kusahau kwamba sindano ya kwanza ya lenacapavir huambatana na vidonge siku ya kwanza na ya pili.

Ikishafanya mtihani, usiiache itegemee kumbukumbu yake. Nakili sehemu husika ya mwongozo wenu, iweke kwenye mazungumzo, na uiagize hivi: "Jibu kwa kutumia maandishi haya tu. Kila unaposema jambo, ninukulie sentensi ulikolitoa. Kama halimo, sema halimo." Hapo makosa hupungua sana, ingawa hayaishi. Sentensi inazozinukuu zitafute kwa macho yako, kwa sababu hutokea ikabuni hata nukuu.

Hatua ya 4: Fanya mazoezi ya kuuliza

Ukiiambia tu "igiza mteja", itakuigizia mteja ambaye hajawahi kuketi kwenye kiti chochote: anajibu kwa aya ndefu, anataja wapenzi wake wote, anakushukuru kwa huruma yako. Mazoezi ya namna hiyo hayana faida. Mteja lazima awe mgumu, na ugumu huo uuagize wewe. Kwa mfano:

"Wewe ni mwanamume wa miaka 46, una mke na watoto. Umekuja kwa ajili ya kikohozi. Una mpenzi mwingine ambaye hujamtaja kwa mtu yeyote. Jibu kwa maneno machache. Ukiulizwa jambo la ndani bila kuandaliwa, badilisha mada au onyesha una haraka. Usitoe siri yako mpaka nimekueleza kwa nini nauliza na majibu yako yanakwenda wapi. Usinisifu wala usinisaidie. Mimi ni muuguzi mdogo kwako kwa umri. Subiri nianze."

Sasa ingia. Jaribio la kwanza la wengi linakuwa hivi:

"Una wapenzi wangapi?"

"Mimi nina mke, daktari. Hii dawa nameza mara ngapi?"

Mlango umefungwa. Rudia:

"Baba, kabla hujaondoka, kuna maswali ninayomuuliza kila mtu mzima anayepita hapa, mwenye ndoa na asiye na ndoa. Ni ya ndani kidogo. Nauliza ili nijue kama kuna kinga ninayoweza kukupa. Ninachoandika kinakaa kwenye faili lako, na wanaolisoma ni wanaokuhudumia. Naweza kuuliza?"

"Uliza tu."

"Miezi mitatu hii, kuna mtu mwingine zaidi ya mama nyumbani?"

"Binadamu hatukosi."

Jibu hilo, kwa anayejua kusikiliza, ni ndiyo. Kazi yako sasa ni kutolishangilia na kutolihukumu. Angalia pia nilivyosema habari ya faili. Wengi wetu tunaahidi "haya yatabaki kati yangu na wewe", kisha tunaandika kwenye kitabu kinachosomwa na watu wanne. Ahidi kile tu ambacho kituo chako kinaweza kukitunza.

Ukimaliza, iambie: "Toka kwenye uigizaji. Nionyeshe sentensi yangu moja iliyokufunga mdomo, na kwa nini." Sisitiza moja, tena mbaya. Usipoibana itakupa sifa tano na ushauri wa juujuu.

Kisha sema ile sentensi yako mpya kwa sauti, mara tatu nne, ukiwa peke yako. Kuandika hakutoshi: ulimi unaokwama kwenye neno "uume" au "kinyume na maumbile" utakwama hata kama vidole havikukwama. Hilo la pili, kwa maoni yangu, lisitoke kabisa kinywani mwa mhudumu, kwa sababu limeshabeba hukumu ndani yake. Sema "njia ya haja kubwa" na uendelee. Kama programu yako ina uwezo wa kuzungumza kwa sauti, tumia huo.

Badilisha wateja. Msichana wa miaka 19 aliyeletwa na mama yake, na mama hataki kutoka chumbani. Wenza wenye majibu tofauti, mmoja ana VVU na mwingine hana, wanaotaka mtoto. Mwanamume anayelala na wanaume. Mtu anayejidunga dawa za kulevya. Mwanamke anayefanya kazi ya ngono. Hapa kuna hatari ya kuitazama kwa karibu: chatboti imejifunza kwa maandishi ya watu, na imebeba dhana zao. Mwanamke anayefanya kazi ya ngono inaweza kumwigiza akilia na kujutia maisha yake, wakati wapo wanaoingia chumbani wakijua PrEP kuliko muuguzi na wanachotaka ni vidonge vya miezi mitatu wawahi kuondoka. Mpe mwelimishaji rika asome maigizo hayo kabla hamjayatumia kufundishia wengine. Yeye ndiye atakayesema, "Hapana, sisi hatuongei hivi."

Hatua ya 5: Kiswahili chake kichuje neno kwa neno

Sehemu hii ndiyo inayonigusa kuliko zote. Chatboti nyingi zimesoma Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo, na kinachotoka mara nyingine ni Kiswahili cha kamusi.

Mfano ulio mbaya zaidi ni "majibu yako ni chanya". Kwenye maisha ya kila siku tunasema fikra chanya, mrejesho chanya, maendeleo chanya. Mtu anayesubiri majibu ya VVU akiambiwa ni chanya anaweza kuondoka anatabasamu. Sema "kipimo kimeonyesha una maambukizi ya VVU" au "hakikuonyesha maambukizi".

La pili ni "virusi havigunduliki". Kwa mtaalamu, maana yake ni kwamba dawa zimevishusha virusi hadi chini ya kiwango ambacho kipimo cha wingi wa virusi kinaweza kukihesabu, na WHO inasema mtu huyo hana hatari ya kumwambukiza mwenza wake kwa kujamiiana. Kwa msikilizaji, "havigunduliki" inaweza kuwa amepona, au kipimo ni kibovu. Kiswahili kina neno zuri tayari, kufubaza: dawa zimevifubaza virusi, bado vimo, ukipima kwa kipimo cha kidole bado kitaonyesha una maambukizi, lakini ukiendelea na dawa na vikabaki vimefubaa hivyo, humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana. Iagize chatboti itumie maneno hayo, na iangalie isiruke "ukiendelea na dawa".

La tatu ni "kinga". PrEP tunaiita dawa kinga, kondomu ni kinga, chanjo nayo ni kinga. Ikija sindano ya mara mbili kwa mwaka, mteja akisikia "sindano ya kinga" atadhani ni chanjo: achome, imalize mambo. Eleza kwamba ni dawa inayokaa mwilini kwa muda fulani, kisha inaisha nguvu. Na kwamba haizuii kaswende, kisonono wala mimba.

Ondoa "waathirika" kila unapolikuta, weka "watu wanaoishi na VVU". Ondoa "ngono zembe". "Kipimo cha UKIMWI" kiwe "kipimo cha VVU". Unaweza kuyaweka haya yote kwenye agizo moja la kudumu ambalo unalibandika mwanzoni mwa kila mazungumzo. Kisha msomee maandishi yaliyotoka mtu asiye wa fani ya afya na umwombe akueleze alichosikia. Usimuulize kama ameelewa, kwa kuwa atasema ndiyo kwa heshima.

Hatua ya 6: Muulize mteja ameshauliza wapi

Wateja nao wana chatboti, nao huziuliza usiku yale wasiyoweza kukuuliza mchana. Ongeza swali hili kwenye mazungumzo yako: "Kabla hujaja, ulisoma au uliuliza mahali popote? Ulijibiwaje?" Uliza kwa sauti ya kawaida. Ukimcheka, hutamsikia tena.

Akiwa amejibiwa sawa, mwambie ni sawa; utakuwa umempa imani kwamba hukuja kushindana. Akiwa amepotoshwa, mrekebishie kipande kilichokosewa tu. Makosa ya kuyasikilizia zaidi ni mawili. Kuchanganya PrEP, inayoanza kabla, na PEP, inayoanza baada. Na lile jibu la kutuliza, "uwezekano wa kuambukizwa kwa tendo moja ni mdogo". Ni kweli kwa hesabu, lakini mtu aliyelisikia akiwa kwenye saa ya 20 tangu tukio anaweza kutulia nalo mpaka saa ya 80. Kwa hiyo jambo la kwanza kumuuliza anayesema "niliuliza kwenye simu" ni tukio lilikuwa lini, siku na saa.

Hatua ya 7: Kama kituo kinataka kuiweka mbele ya wateja

Hili ni jambo kubwa kuliko mazoezi yako, na halipaswi kuanzishwa na mtu mmoja mwenye ari. Linahitaji ridhaa ya uongozi, sheria za taarifa za wagonjwa, na watu wanaoishi na VVU wakiwemo tangu siku ya kwanza. Mimi nitasema moja tu ambalo naliona linasahaulika: orodha ya mambo ambayo chatboti ikiyasikia inaacha kuzungumza na kumkabidhi mteja kwa mtu. Tukio la ndani ya saa 72. Kubakwa au kulazimishwa. Kupigwa na mwenza, au kuogopa kupigwa akijulikana majibu. Kutaja kujiua. Mimba au kunyonyesha pamoja na hofu ya maambukizi. Mtoto. Dalili za maambukizi mapya.

Jaribuni orodha hiyo saa nane usiku, kwa maneno ya mtaani, yenye makosa ya tahajia na vifupisho, kwa maana hivyo ndivyo mtu aliyechanganyikiwa anavyoandika. "Mpra ulpasuka jna" lazima itambulike. Na "kukabidhi" kuwe na mtu halisi upande wa pili: namba inayopokelewa, au kituo kilicho wazi saa hiyo. Kumwambia mtu wa saa ya 70 "tafadhali muone mhudumu wa afya" siku ya mapumziko ni kumfukuza kwa adabu.

Hatua ya 8: Rudia mtihani

Weka daftari. Andika tarehe, jina la programu, swali, na kosa. Programu hizi hubadilishwa na waliozitengeneza bila wewe kutaarifiwa, na miongozo ya kinga nayo hubadilika. Iliyofaulu mwezi uliopita inaweza kufeli leo. Maswali ya Hatua ya 3 yarudie kila mwezi, na kila mara mwongozo mpya unapofika kituoni, pamoja na lile la kuipinga kwa saa 96. Kosa likijirudia mara mbili, waambie wenzako kwenye kikao cha asubuhi kwa jina la programu na kwa maneno yaleyale iliyoyaandika.